Injini Kuukuu ya Boti: Mguu Wake Unavyotengenezwa Upya

Maandishi ya mazungumzo kwa wanafunzi wa ufundi wa mitambo, wazazi wao na wakazi wa Sotik

 

Huenda kuna mzee anayejiuliza kwa nini mazungumzo ya ufundi, hapa katika nchi ya majani chai na maziwa, yahusu injini ya boti. Sotik haina ziwa. Ina Mto Kipsonoi, na hakuna anayeuvuka kwa boti ya injini. Lakini Kipsonoi hauishii hapa. Huteremka, ukakutana na Yurith, ukaanza kuitwa Sondu, ukazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, kisha ukaingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Winam. Kijana wa Sotik akipanda matatu asubuhi kwenda upande wa Sondu na Kendu Bay, kabla ya jua kutua anaweza kuwa amesimama ufuoni, penye mashua zilizofungwa injini nyuma. Nyingi ya injini hizo ni kuukuu, na zikiharibika mtu lazima azifungue.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la kijana atafanya kazi gani baada ya kujifunza mitambo ni swali la kaunti pia. Wengi hujifunza kwa pikipiki, kwa sababu pikipiki ziko kila kona. Hilo ni jema, ila mafundi wa pikipiki nao wako kila kona. Mazungumzo haya yanachukua kazi moja, ngumu kidogo kuliko ya pikipiki, na kuifuata tangu mwanzo hadi mwisho: kutengeneza upya mguu wa injini ya boti.

Kwanza, mguu wenyewe. Injini ya boti ya kufunga nyuma ina kichwa kilicho juu ya maji, ambapo petroli huchomwa. Ina shingo ndefu inayoshuka. Halafu kuna ile sehemu ya chini kabisa, yenye umbo la samaki, inayozama majini na kubeba propela, ambayo vitabuni huitwa rafadha. Sehemu hiyo ya chini ndiyo giaboksi. Ndani yake shafti ya wima inashuka kutoka kwenye injini ikiwa na gia ndogo mwishoni. Gia hiyo inauma gia mbili kubwa zilizolala, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Katikati ya hizo mbili kuna kipande cha chuma chenye meno, kinachosukumwa huku na huku na fito ya gia. Kikishika upande mmoja boti inakwenda mbele, kikishika wa pili inarudi, kikikaa katikati propela haisukumwi.

Kwa hiyo nguvu inashuka wima, inapinda kona kamili, kisha inatoka ikiwa imelala. Katika injini nyingi ndogo, shafti ya wima huzunguka karibu mara mbili ili propela izunguke mara moja. Injini ikikimbia kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, propela inapiga karibu 2,500, yaani zaidi ya mara 40 kwa kila sekunde, chini ya maji, usiku kucha, ndani ya kisanduku ambacho mtu anaweza kukikumbatia. Kinachozuia gia hizo zisitafunane ni mafuta mazito kidogo tu, pamoja na sili chache za mpira zinazozuia maji kuingia na mafuta kutoka.

Mpango huu si mpya. Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway na kukulia Marekani, alianza kuuza injini zake Milwaukee mwaka 1909, nazo zilikuwa na shafti ya wima na gia za kona chini, kama za leo. Yamaha, jina ambalo ziwani na pwani karibu limekuwa neno la kawaida la injini ya boti, ilitoa injini yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1960. Tarehe hizi si za kujaza maneno tu, kwa sababu zina maana kwa mfuko wa fundi. Mwaka 2020 kampuni iliyomiliki Evinrude ilitangaza kuacha kutengeneza injini hizo. Anayeletewa Evinrude ya zamani leo lazima aulize vipuri kwanza kabla ya kushika spana. Upande wa Yamaha, modeli zile zile ngumu za kazi zimeuzwa kwa miaka mingi bila kubadilika sana, na ndiyo sababu moja wavuvi wanazipenda: kipande cha injini ya jirani mara nyingi kinaingia katika yako.

Sasa, ni nini kinachoua mguu huu? Mtu angedhani ni mawe, au uzee. Mawe huvunja propela, na uzee huja polepole. Muuaji mkubwa ni maji, na mlango wake ni sili ya shafti ya propela.

Nyavu za Ziwa Victoria siku hizi ni za nailoni. Uzi wa nailoni ukikatika majini, propela huuvuta na kuuzungushia kwenye shafti, nyuma kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Kila mzunguko unauvuta ndani zaidi. Uzi ule mwembamba huingia chini ya mdomo wa sili na kuukata kama waya unavyokata sabuni. Magugu maji nayo huchangia, kwa sababu huficha vipande vya nyavu na kuviviringisha pamoja. Mvuvi hasikii chochote. Boti inakwenda vizuri.

Kisha boti inarudi ufuoni na giaboksi iliyokuwa moto inapoa. Hewa na mafuta ndani vinasinyaa, na giaboksi inavuta pumzi, kama chupa ya plastiki iliyofungwa ikiwa na maji moto inavyobonyea ikipoa. Mahali pa kuvutia hewa hapapo, kwa sababu nje yote ni maji. Inavuta maji. Kesho yake gia zinayakoroga pamoja na mafuta.

Fundi anayefungua skrubu ya chini ya giaboksi kama hiyo huona kitu ambacho kila mtu wa Sotik atakitambua: mafuta yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mafuta mazuri hutoka yakiwa na rangi yake, au yamekuwa meusi kidogo kwa kazi. Yakitoka na weupe, maji yameingia. Yakitanguliwa na maji safi kabla ya mafuta, maji yamekaa humo siku nyingi. Mafuta yaliyochanganyika na maji hayatengenezi tena ule utando unaotenganisha chuma na chuma, na boti ikilala bila kazi beringi zinaanza kushika kutu. Kitobo cha kutu kisichozidi kichwa cha pini kinatosha kuanza kuila beringi nzima.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Sili ni mpira na pete ya chuma. Gia na beringi zake hugharimu mara nyingi zaidi ya sili, na katika injini nzee gharama ya gia zote inaweza kukaribia bei ya kununua injini nyingine iliyotumika. Mvuvi aliyekataa kubadilisha sili Januari anaweza kujikuta Juni akitafuta mkopo wa injini. Fundi wa boti anauza, kwa kiasi kikubwa, uwezo wa kuona sili mbovu kabla gia hazijafa.

Kwa sababu hiyo fundi mzuri hachukui spana kwanza. Anachukua sufuria safi. Anamwaga mafuta humo, anayaangalia juani, anayasugua katikati ya vidole. Katika injini nyingi skrubu ya kutolea mafuta ina sumaku, na uchafu ulioganda juu yake husema habari ya ndani. Unga laini wa kijivu kama masizi ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma vidole ni meno ya gia. Halafu anazungusha propela kwa mkono, gia ikiwa mbele, kisha nyuma, kisha katikati, akisikiliza. Anaishika shafti ya propela na kuitikisa juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha.

Kabla ya kufungua anapima pia kwa hewa. Hufunga pampu ndogo yenye geji kwenye tundu la mafuta na kujaza hewa kidogo, karibu psi 10 hadi 15, si zaidi, kwa maana hewa nyingi inaweza kusukuma sili zima zitoke mahali pake. Kisha anauzamisha mguu katika pipa la maji na kutazama mapovu. Yakitoka nyuma, ni sili ya propela. Yakitoka juu, ni ya shafti ya wima au ya fito ya gia. Wakati mwingine yanatoka kwenye skrubu ya mafuta yenyewe, kwa sababu mtu aliyebadilisha mafuta mara ya mwisho alirudisha ile pete ndogo ya kuzibia iliyokuwa imeshachakaa. Hiyo ni furaha ya mwenye injini, maana anarudi nyumbani na kazi ya dakika kumi. Fundi anayeruka kipimo hiki na kwenda moja kwa moja kufungua gia anamtoza mtu pesa za kutafuta kosa ambalo halikuwepo.

Neno dogo kwa wanaofikiria kununua injini iliyotumika, wakiwemo wakazi wa hapa wanaoshirikiana na jamaa zao wa ziwani. Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi. Injini iliyofanya kazi baharini, Mombasa au Lamu, au iliyoletwa kutoka ng'ambo, inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku kifuniko cha giaboksi kikiwa kimeshikana na mwili wake kwa kutu nyeupe ya alumini. Kuna boliti ambazo hazitafunguka tena bila kukatika. Mnunuzi aombe mbele ya muuzaji kitu kimoja tu: skrubu ya chini ya mafuta ifunguliwe, matone machache yatoke. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana.

Tuseme sasa imeamuliwa kwamba mguu ufunguliwe. Kazi ya kwanza ni kuutenga na injini, na hapo wengi hukosea kwa haraka. Fito ya kubadilishia gia lazima itenganishwe kwanza. Katika modeli nyingi kuna boliti moja iliyojificha chini ya kile kipande kidogo kama pezi, kilicho juu ya propela, na asiyeijua hupiga nyundo mpaka apasue alumini. Mahali palipogoma panahitaji mafuta ya kulegeza kutu, muda wa usiku kucha, pengine joto la wastani. Alumini haisamehi nyundo. Pasua mwili wa giaboksi na kazi imeisha, hata kama gia za ndani ni mpya.

Propela hutolewa, na nyuma yake mara nyingi ndipo ule uzi unapokutwa, umejiviringa kama nyuzi za sufu. Kifuniko cha beringi kinavutwa kwa chombo chake, sawasawa pande zote mbili, si kwa kuchokonoa na bisibisi. Shafti ya propela hutoka na gia ya nyuma. Nati inayoshika gia ndogo hufunguliwa ndani, katika nafasi finyu, huku shafti ya wima ikishikiliwa kwa juu. Ikitoka, shafti huvutwa, na gia za ndani hufuata.

Kuna vitu vyembamba ambavyo vitaanguka katika hatua hii, na mgeni wa kazi atavidhania kuwa washa za kawaida. Ni pete za chuma zenye unene wa sehemu ndogo ya milimita, zilizowekwa kiwandani ili gia zikutane kwa umbali hasa unaotakiwa. Kila giaboksi ina zake. Zikichanganywa au moja ikipotea, gia zitabanana mno na kupata moto, au zitaachana mno na kugonganisha meno. Siku hizi kila kijana ana simu. Kila kipande kinachotoka kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, kiwekwe juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka kwake, na kila pete ifungwe pamoja na gia yake. Kile kipande cha meno cha katikati nacho kinaweza kuwa na upande wa mbele na wa nyuma. Kikigeuzwa, gia haitashika vizuri, na kosa litajulikana siku boti iko katikati ya ghuba.

Baada ya kuosha kwa petroli au mafuta ya taa na kukausha, fundi hukaa kitako na kutazama. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayolipa, ingawa kwa mpita njia fundi anaonekana hafanyi kitu. Meno ya gia yanatafutwa nyufa, maganda na kingo zilizomeguka. Alama ya kung'aa mahali meno yanapokutana iwe katikati ya jino, si pembeni. Kile kipande cha meno kiwe na kona kali. Kona zikilika na kuwa mviringo, gia huruka yenyewe boti ikiwa na mzigo, na watu ndani hutupwa mbele. Beringi zioshwe na kuzungushwa kwa mkono zikiwa kavu na tupu. Zenye mikwaruzo, madoa meusi au vitobo zitupwe, hata kama bado zinazunguka. Gia zinazoumana hubadilishwa kwa jozi, kwa sababu mpya juu ya kuukuu huliana.

Kisha shafti. Mahali ambapo mdomo wa sili ulikuwa ukikaa, miaka mingi ya mchanga na maji huchimba mfereji. Fundi hupitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, sili mpya haitadumu hapo. Hakuna haja ya kifaa cha bei ghali kwa kipimo hicho. Mfereji mdogo sana unaweza kulainishwa kwa msasa mwembamba. Ukiwa mkubwa, shafti ibadilishwe au ivalishwe pete nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama inapatikana kwa ukubwa wake. Kuweka sili mpya juu ya shafti yenye mfereji ndiyo hila ya kawaida ya kazi ya harakaharaka. Mwenye boti anaona sili mpya kwa macho yake na kulipa kwa furaha. Baada ya muda mfupi chai ya maziwa inarudi.

Kurudisha vitu ni kinyume cha kutoa, lakini kwa mkono mwepesi zaidi. Sili zina upande. Katika baadhi ya injini mbili zilizo kwenye propela hutazama nje zote, katika nyingine hupeana mgongo, moja ikizuia mafuta na ya pili ikizuia maji. Hapa fundi hatumii kumbukumbu. Anatumia kitabu cha injini hiyo hiyo, modeli hiyo hiyo. Sili husukumwa kwa bomba lenye kipenyo chake, sawasawa, na grisi isiyopenda maji hutiwa kwenye midomo. Nati ya gia ndogo, ambayo watengenezaji wengi hutaka iwe mpya, hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Nati hiyo ikilegea, gia zote huharibika kwa dakika chache. Ule mchezo mdogo uliopo kati ya gia na gia hupimwa kwa geji ya saa, na pete nyembamba huongezwa au kupunguzwa mpaka kipimo kilingane na cha kitabu.

Kabla ya tone la mafuta, hewa tena. Mguu uliofungwa unajazwa hewa ile ile kidogo, unazamishwa pipani, na shafti zinazungushwa kwa mkono zikiwa majini, kwa maana sili inaweza kushika shafti ikiwa imetulia na kuvuja ikizunguka. Hakuna povu, hakuna kushuka kwa geji. Kukiwa na povu moja, inafunguliwa tena. Hapa ndipo mwalimu wa ufundi anapomjua mwanafunzi wake.

Mafuta ya gia huingizwa kutoka chini, si juu. Kijana aliyezoea pikipiki atashangaa. Yakiingizwa kwa tundu la chini, yanapanda polepole yakisukuma hewa mbele yake mpaka yatoke tundu la juu. Hapo la juu linafungwa kwanza, kisha la chini. Yakimiminwa kutoka juu, hewa hubaki imenaswa ndani na giaboksi hufanya kazi ikiwa nusu kavu. Pete za kuzibia skrubu zote mbili ziwe mpya. Ni vitu vya bei ndogo.

Juu ya giaboksi, ikizungushwa na shafti ile ile ya wima, iko pampu ya maji ya kupozea injini. Ndani yake kuna gurudumu la mpira lenye mbawa, wanaloliita impela. Mguu ukishafunguliwa, impela ibadilishwe bila mjadala. Mbawa zake hugeuka ngumu na kujikunja, na ikizungushwa bila maji hata kwa muda mfupi huungua. Vijana waepuke kuwasha injini ya boti ikiwa imening'inizwa kwenye mti ili kuonyesha wateja kwamba inanguruma. Mngurumo huo unaweza kuwa ndio uliochoma pampu. Injini huwashwa mguu ukiwa ndani ya pipa lililojaa maji, na jicho likitazama ule mchirizi unaotoka ubavuni. Mchirizi usipotoka, injini inazimwa hapo hapo.

Baada ya saa 10 za kwanza za kazi, mafuta ya giaboksi yamwagwe na kutazamwa tena. Yakiwa safi, fundi anaweza kulala. Baada ya hapo watengenezaji wengi husema mafuta yabadilishwe kila saa 100 au kila miezi 6. Mvuvi anayetoka kila usiku hufikisha saa 100 haraka kuliko anavyodhani. Propela nayo itolewe mara kwa mara, uzi utafutwe. Kazi hiyo haihitaji fundi, inahitaji spana moja na koleo ya kunyooshea pini. Mvuvi akifundishwa kuifanya mwenyewe, fundi anapoteza wateja wachache na kupata jina.

Jambo moja linatofautisha kazi hii na ya pikipiki. Bodaboda ikizima, abiria hushuka na kutembea. Injini ikizima kwenye Ghuba ya Winam upepo wa alasiri ukiwa umeanza, mashua hugeuka ubavu kwa mawimbi, na hakuna anayeshuka. Kwa hiyo fundi anapokabidhi injini aandike kwenye karatasi alichobadilisha na alichoacha bila kubadilisha. Kama mwenye injini hakuwa na pesa za beringi na akasisitiza ya zamani irudishwe, hilo liandikwe na lisemwe mbele ya nahodha, si mbele ya mwenye injini peke yake, kwa sababu mara nyingi mwenye injini analala nyumbani na nahodha ndiye anayetoka usiku. Makasia na jaketi za kuokolea vibaki botini hata injini ikiwa mpya kabisa. Vikundi vya usimamizi wa fuo vinawajua mafundi wao, na jina baya husafiri ufuo mmoja hadi mwingine upesi kuliko boti.

Kuna kundi jingine la injini ambalo halitajwi sana. Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, boti zilitumika kuokoa watu katika sehemu mbalimbali za Kenya ambazo kwa kawaida hazina habari na boti. Injini ya uokoaji ina maisha mabaya kuliko ya mvuvi, kwa sababu hulala ghalani miezi mingi. Impela hubaki imejikunja upande mmoja. Maji kidogo yaliyoingia hukaa kimya yakila beringi. Siku ya kuhitajika huwashwa kwa kelele na haraka. Popote injini kama hizo zilipo, fundi mwenye subira, sufuria safi na pampu yenye geji ana kazi mwaka mzima, na kazi hiyo haihitaji ukaribu wa ziwa.

Mafuta machafu yanayomwagwa katika kazi hii yawekwe kwenye debe lenye kifuniko. Vivyo hivyo maji ya pipa yaliyoota utando wa mafuta juu: utando uenguliwe kwanza. Mfereji wa karakana ya Sotik unateremkia Kipsonoi, na Kipsonoi inajulikana inakokwenda.

Wazazi wengine watauliza kijana ataanzaje ikiwa hapa hakuna hata injini moja ya boti ya kufungulia. Gia zinazopindisha nguvu kwa kona hazipatikani kwenye boti pekee. Zimo kwenye difu ya kila lori linalobeba majani chai kwenda kiwandani. Zimo pia kwenye grainda ya mkononi inayotumiwa na wachomeleaji wa mageti. Grainda iliyoungua mota huuzwa kama chuma chakavu, lakini kichwa chake mara nyingi kingali na gia ndogo, gia kubwa, beringi na grisi, vyote katika kisanduku cha ukubwa wa ngumi. Mwanafunzi akinunua moja, aifungue, apige picha, aioshe, atazame alama za meno, aifunge na kuizungusha kwa mkono mpaka isikwame popote. Sili za kujifunzia kuzisukuma sawasawa zinapatikana katika duka lolote la spea za pikipiki mjini Sotik, kwenye foki ya mbele. Aharibu mbili tatu hapo, mezani, mwalimu akiwa pembeni, kabla ya kushika ya mvuvi.